Mimea inaua seli za saratani, lakini si kwa kikombe cha majani

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

UKISHUKA daladala asubuhi Mbagala Rangi Tatu, Tandika au Tegeta, huhitaji kwenda mbali kabla ya kukutana na meza ya dawa za mitishamba. Juu yake kuna vikopo vya unga wa mlonge, magome yaliyofungwa kwa kamba, chupa za maji ya kunywa zilizojazwa tena maji ya rangi ya kahawia, na mafungu ya majani makavu ya mstafeli. Kando yake limesimamishwa bango la kuandikwa kwa mkono. Orodha ya bango hilo huanza na kisukari na shinikizo la damu, hupitia vidonda vya tumbo na nguvu za kiume, na siku hizi haikosi neno saratani.

Muuzaji ukimtaka ushahidi, hatakutajia mizimu wala ndoto. Atakutajia maabara. Atasema kuwa wazungu wameyapima majani hayo wakaona yanaua seli za saratani, na pengine atafungua simu yake akuonyeshe ujumbe uliosambazwa katika makundi ya WhatsApp.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba muuzaji huyo hasemi uongo mtupu. Majani ya mstafeli yanaua seli za saratani katika kisahani cha maabara. Manjano nayo inaziua, na pilipili pia. Zaidi ya hapo, baadhi ya dawa zinazotundikwa kila siku katika dripu za wagonjwa wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, umbali wa safari moja ya daladala kutoka Mbagala, zilitoka kwenye mimea. Swali ambalo bango halilijibu ni hili: kati ya jani na dripu kuna nini?

Mwandishi wa makala haya ana sababu ya kuliuliza swali hilo. Mama yake mdogo, mkazi wa Mbagala, aligusa uvimbe katika titi la kushoto, mdogo kama punje ya hindi, usiouma. Kwa muda wa miezi saba alikunywa maji ya majani ya mstafeli, vikombe viwili kwa siku, kabla ya kukubali kwenda hospitali. Tutarudi kwake baadaye.

Ua lililo uani kwako

Katika nyua nyingi za Kinondoni na Temeke, pembeni mwa baraza au kwenye makopo ya rangi yaliyogeuzwa kuwa vyungu vya maua, huota ua dogo lenye petali tano, jeupe au la rangi ya waridi. Halihitaji maji mengi, halichagui udongo, na mbuzi hawalipendi. Wengi hulipanda bila kulijua jina. Wataalamu huliita Catharanthus roseus, na asili yake ni kisiwa cha Madagaska, upande wa pili wa bahari hii hii tunayoogelea.

Mwaka 1952 mtafiti wa Kanada, Robert Noble, alipokea kutoka kwa kaka yake bahasha yenye majani 25 ya mmea huo. Yalikuwa yametumwa kutoka Jamaika, ambako watu waliyachemsha na kuyanywa wakiamini kuwa yanatibu kisukari. Noble aliwapa panya maji ya majani hayo. Sukari katika damu haikushuka. Alipoamua kuwachoma sindano ya dawa iliyokamuliwa kutoka majani hayo, panya walikufa kwa maambukizi, kwa sababu seli nyeupe za damu yao zilikuwa zimepungua mno.

Mtu mwingine angeweza kuandika kuwa mmea huo haufai, akafunga daftari. Noble alijiuliza swali jingine. Ikiwa kuna kitu ndani ya jani kinachopunguza seli nyeupe za damu, je, hakiwezi kuwafaa watu ambao seli hizo zimewazidi, yaani wagonjwa wa saratani ya damu? Mwaka 1954 alijiunga naye mkemia Charles Beer, na mwaka 1958 walitangaza kuwa wamekitenga kitu hicho. Kiliitwa vinblastini. Wakati huo huo kampuni ya Eli Lilly ya Marekani ilikuwa ikiuchunguza mmea ule ule, na katika maabara zake ikapatikana ndugu ya vinblastini, aitwaye vinkristini, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1963.

Hapa ndipo historia hiyo inaposhikana na Afrika Mashariki. Mwaka 1958, mwaka ule ule wa tangazo la Noble na Beer, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Denis Burkitt, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa ukanda wetu. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari maelfu ya maili, akipita hospitali kwa hospitali, Tanganyika ikiwamo, ili kujua uvimbe huo unapatikana wapi na wapi haupatikani. Leo ugonjwa huo unajulikana kwa jina lake, na vinkristini ni miongoni mwa dawa zinazoutibu. Ni dawa hiyo hiyo inayotumika kwa saratani ya damu ya watoto, kwa uvimbe wa figo wa watoto na kwa saratani ya ngozi aina ya Kaposi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, takriban mtoto mmoja kati ya 10 wenye saratani ya damu iliyowapata watoto wengi zaidi ndiye aliyepona. Katika nchi tajiri leo hupona karibu tisa kati ya 10, kwa kutumia mchanganyiko wa dawa ambao vinkristini haikosekani humo.

Jinsi inavyoua

Seli inapotaka kugawanyika, kwanza hunakili kromosomu zake, kisha hujenga nyuzi nyembamba ambazo huzivuta nakala hizo, nusu kwenda upande huu na nusu upande ule. Nyuzi hizo hujengwa kwa matofali madogo ya protini yaitwayo tubulini. Vinkristini na vinblastini hushikamana na matofali hayo yasiweze kupangwa. Seli hukwama katikati ya kugawanyika, isiweze kusonga mbele wala kurudi nyuma, na mwishowe hujiua yenyewe.

Saratani ni ugonjwa wa seli zinazogawanyika bila kizuizi, hivyo ndizo zinazoumia zaidi. Lakini dawa haiulizi jina. Mizizi ya nywele, utando wa utumbo na uboho unaotengeneza damu navyo hugawanyika upesi, na ndiyo sababu mgonjwa wa tibakemikali hunyonyoka nywele, hutapika na hushambuliwa na magonjwa. Mishipa ya fahamu hutumia nyuzi hizo hizo kusafirisha mahitaji yake, hivyo mgonjwa wa vinkristini hufa ganzi vidole na hupata shida ya kwenda haja kubwa.

Dozi moja ya vinkristini kwa mtu mzima kwa kawaida haizidishwi miligramu 2, kiasi ambacho hata ukikiweka kwenye ncha ya kisu utapata tabu kukiona. Dawa hiyo huingizwa katika mshipa wa damu tu. Ikiingizwa kwa makosa katika maji ya uti wa mgongo, huua.

Sasa turudi kwenye jani. Ili kupata gramu 1 ya vinblastini huhitajika takriban kilo 500 za majani makavu, na vinkristini ni adimu zaidi. Ndani ya jani hilo kuna zaidi ya aina 100 za kemikali za jamii hiyo, kila moja na tabia yake. Kiasi chake hubadilika kulingana na umri wa mmea, udongo na mvua. Anayechemsha majani jikoni hawezi kujua ametia sufuriani kiasi gani cha kinachotibu na kiasi gani cha kinachodhuru, na kinachopita tumboni si kile kinachofika kwenye damu. Panya wa Noble waliokunywa hawakupata chochote. Waliochomwa sindano walikufa. Ilichukua miaka 11, tangu bahasha ile ya 1952 hadi 1963, kuipata njia inayopita katikati ya hayo mawili.

Hata leo kipimo hicho bado kinachunguzwa, na hapa jirani. Utafiti wa watoto wenye saratani nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa wengi wao wana vinasaba vya kimeng'enya kinachoivunja vinkristini kwa nguvu, na kwamba madhara ya mishipa ya fahamu yalikuwa machache kwao. Kwa maneno mengine, dozi iliyopimwa kwa mtoto wa Marekani si lazima iwe ndiyo inayomfaa zaidi mtoto wa Eldoret au wa Chamazi. Ikiwa dawa iliyosafishwa na kupimwa kwa miligramu bado inaleta maswali ya namna hiyo, fikiria chupa isiyo na lebo.

Kisahani si mwili

Tafiti nyingi zinazosambazwa kwenye simu zilifanyika katika kisahani cha kioo. Seli za uvimbe huoteshwa humo, humiminiwa dawa iliyokamuliwa kutoka mmea fulani, na baada ya siku mbili au tatu huhesabiwa zilizokufa. Kipimo hicho ni cha lazima kwa kuwa ndicho mwanzo wa kila kitu. Lakini siki pia huua seli katika kisahani, na dawa ya kufulia huziua vizuri zaidi, na hakuna anayeshauri mgonjwa anywe dawa ya kufulia. Kazi ngumu ni kuiua seli ya saratani na kuiacha jirani yake ikiwa hai, kwa kiasi kinachoweza kufika kwenye uvimbe baada ya kupita tumboni na kwenye ini.

Manjano ni mfano mzuri. Kiini chake, kurkumini, kimeandikiwa maelfu ya makala za kisayansi. Mwaka 2017 kundi la wanakemia wa Marekani lilipitia ushahidi huo likaeleza kuwa kurkumini hukosa uthabiti, huharibika upesi na karibu haifyonzwi kabisa na mwili, na kwamba hakuna jaribio lililodhibitiwa vyema kwa binadamu lililothibitisha kuwa inatibu. Manjano ibaki kwenye pilau na mchuzi, ambako haina mshindani.

Mstafeli unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndio unaouzwa sana. Majani, mbegu na tunda lake vina kemikali ziitwazo asetojenini, na mojawapo ni annonasini. Hizi hufunga kinu cha nishati ndani ya seli, ikafa kwa kukosa nguvu. Ndiyo siri ya matokeo mazuri ya kisahani. Lakini kinu hicho kimo katika kila seli, na seli za ubongo ndizo zenye njaa kubwa ya nishati. Mwaka 1999 watafiti katika kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibea, waliripoti katika jarida la Lancet kuwa wagonjwa wengi kupita kawaida walikuwa na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson lakini usiosikia dawa zake za kawaida, na kwamba walikuwa watumiaji wa tunda na chai ya majani ya mimea ya jamii ya mstafeli. Majaribio ya baadaye kwa panya yalionyesha kuwa annonasini huharibu seli za ubongo. Kula stafeli moja msimu wake ukifika ni jambo jingine. Kunywa vikombe viwili vya majani yake kila siku kwa miezi saba si sawa na kula tunda.

Somo la Shimba Hills

Kuna mmea wa pwani yetu ambao karibu ufike mbali kuliko yote. Mwaka 1972 mwanakemia wa Marekani, Morris Kupchan, alitangaza kuwa ametenga kutoka kichaka cha jamii ya Maytenus kilichochumwa Ethiopia kemikali iitwayo meitansini. Katika maabara ilikuwa na nguvu mara 100 hadi 1,000 kuliko vinkristini. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilihitaji malighafi nyingi kwa ajili ya majaribio, na zaidi ya tani 27 za mmea wa jamii hiyo zikachumwa katika milima ya Shimba, Kwale, kusini mwa Mombasa.

Majaribio kwa wagonjwa yalikatisha tamaa. Meitansini iliua uvimbe na kumdhuru mwenye uvimbe, na ikawekwa kando. Ilikaa kabatini kwa miongo kadhaa, hadi wataalamu walipobuni njia ya kuifunga kwenye kingamwili inayozitambua seli za aina fulani ya saratani ya matiti, ili sumu ifunguliwe ndani ya seli hizo. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2013, miaka 41 baada ya kemikali hiyo kutengwa. Sumu yake ni meitansini iliyobadilishwa kidogo. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kuifikisha.

Kwa Watanzania, habari ya kikombe si ngeni. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wengi wakitoka Dar es Salaam, walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu, kwa Sh500. Saratani ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa kuponywa na mti ule wa mugariga. Babu alifariki Julai 2021, na foleni zilikuwa zimekwisha miaka mingi kabla yake.

Haimaanishi kuwa nchi imeipa kisogo mimea yake. Kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza linalosajili waganga. Usajili huo, hata hivyo, humtambua mganga na kazi yake. Hauthibitishi kuwa chupa iliyo mezani inaponya saratani, na mnunuzi wa Tandika anayeoneshwa cheti ukutani anapaswa kuijua tofauti hiyo.

Muda ndio unaouzwa

Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya takriban 40,000 mwaka 2020, na vifo karibu 27,000. Wengi wa wanaofika Ocean Road hufika ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Sababu ni nyingi, nauli na umaskini zikiwa mbele, lakini madaktari hawachoki kutaja muda uliopotelea kwenye mitishamba na maombi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilipima jambo hilo. Waliwafuatilia wagonjwa 281 ambao saratani yao ilikuwa haijasambaa na ambao walichagua tiba mbadala peke yake, wakawalinganisha na waliopata tiba ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la saratani la Marekani mwaka 2018 yalionyesha kuwa hatari ya kufa kwa waliochagua tiba mbadala ilikuwa mara mbili na nusu. Kwa saratani ya matiti, ilizidi mara tano.

Mgonjwa anayetumia vyote viwili naye ana la kumwambia daktari wake. Vinkristini huvunjwa kwenye ini, na hujulikana kuwa baadhi ya dawa za fangasi, kama itrakonazoli, hukizuia kimeng'enya kinachoivunja, sumu ikazidi mwilini. Daktari anayejua jina la dawa anaweza kuzuia ajali hiyo. Maji ya kahawia hayana jina. Wagonjwa wengi huficha wakiogopa kukemewa, na hapo wahudumu wetu wa afya wana lawama yao, kwa kuwa mgonjwa aliyekemewa mara moja hasemi tena.

Kwa saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini, upo uchunguzi katika vituo vya serikali unaofanywa kwa kupaka siki hafifu na kutazama kwa macho. Chanjo ya virusi vinavyoisababisha ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana mwaka 2018. Uvimbe wa titi usiouma, kidonda kisichopona, damu isiyo ya hedhi na tezi zinazovimba kwa wiki kadhaa huhitaji kipimo cha kinyama, na hakuna meza ya barabarani yenye kipimo hicho.

Mama mdogo alipofikishwa hospitali, punje ya hindi ilikuwa imekuwa kama ndimu, na kwapani kulikuwa na nyingine. Hakuwa mjinga. Alisema anaogopa dawa za kemikali na anaamini vitu vya Mungu, vya asili. Dripu yake ya kwanza ilikuwa na paklitakseli. Ilitengwa na wanasayansi Monroe Wall na Mansukh Wani wa Marekani kutoka gome la mti wa misitu ya baridi, Taxus brevifolia, lililochumwa mwaka 1962, na ikaidhinishwa miaka 30 baadaye, 1992. Nayo hushika zile nyuzi za seli, ila kinyume cha vinkristini: huzikaza zisiweze kufunguka.

Alimwuliza muuguzi dawa hiyo inatengenezwa kwa nini. Aliposikia kuwa asili yake ni gome la mti, alicheka, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia hivyo tangu mwanzo. Alipangiwa mizunguko sita ya dripu, akamaliza minne.